Asali Kwenye Gari la Bosi

Nawaomba haya yaishie hapa hapa. Hata mama yangu asijue.

Leo mzee muuza asali alisimama na baiskeli juu ya mteremko wa ofisini kwetu.

"Mwanangu msomi, nikipakia dumu la pili si itashuka kasi zaidi?"

"Hapana, mzee. Uzito hauongezi kasi."

Na kweli haikuongezeka.

Nilisahau tu kumwambia kwamba mzigo ukizidi, breki nayo ina kazi zaidi.

Breki yenyewe ni ndala yake.

Mzee hajaumia. Gari la bosi, lililoegeshwa chini ya mteremko, limeoga asali.

Bosi kaniagiza mimi, niliye kwenye majaribio ya kazi: "Andika ripoti. Mzee anasema kuna msomi alimshauri. Nataka jina lake!"

Nimejificha stoo. Ukija, gonga mara mbili, usiniite msomi.