Udongo wa Kondoa na Mafuta ya Nywele

Kaka yangu alipouza nyumba ya marehemu mama kule Kondoa, aliniletea Johannesburg kopo la majani ya chai lililojaa udongo mwekundu wa uani. Mpakani, anasema, lilinuswa na mbwa saba. Nikajua papo hapo: huu utapaka chungu kimoja, basi. Ukiisha, hakuna pa kuchota tena.

Jumatatu saluni zetu za Joubert Park husinzia, kwa hiyo nilikuwa nikienda Doornfontein kujifunza ufinyanzi kwa Mkongo mmoja wa Lubumbashi. Bwana yule alikuwa amelogwa na vyungu vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa nchi kavu ya Amerika: vyungu vya kuchongwa, vinavyopakwa uji wa udongo wenye rangi yake yenyewe na kusuguliwa kwa kijiwe mpaka ving'ae. Picha zavyo alizibandika hadi chooni.

Nikafinyanga changu kwa udongo mweupe, nikakiacha kikauke. Jumatatu iliyofuata nikakipaka ule mwekundu mara tatu, kopo likabaki harufu tu. Nikasugua. Kijiwe kikaenda na kurudi, nami nikaenda nacho: ua limefagiliwa kwa chelewa, mistari ya ufagio bado mibichi, mama anapita pembeni asiikanyage. Nadhani nilisugua miaka sita. Mwalimu anadai nusu saa.

"Weye mama! Angalia!" mwalimu akanizindua.

Rangi ilikuwa ikibanduka. Alama za vidole vinne na gumba, pale nilipokishika kabla ya kupaka, weupe umechungulia. Asubuhi ile nilikuwa nimemsuka jirani yangu wa Bellevue, nikanawa kwa maji matupu.

"Iko mafuta ya nywele, hii. Udongo na mafuta haipatane. Paruza yote, tuanze na udongo ya hapa."

"Nimparuze mama yangu?"

Nikakizungusha chungu taratibu. Mikono hii imesuka vichwa milioni mbili, ikaona kabla ya macho. Nikachukua kisu kidogo, nikachonga palepale palipobanduka, kutoka tumboni kupanda hadi mdomoni, mstari kando ya mstari: twende kilioni, msuko wa mama wa siku zote. Vumbi jekundu lililodondoka nikalirudisha koponi.

"Eish," mwalimu akasema. "Hii Wapueblo hawana."

"Hawakulelewa saluni, baba."

Kilipotoka tanurini nilikiweka juu ya friji, kando ya cheti changu cha shule ya usiku. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, na akiona kitana hukimbia hadi Pretoria. Siku hiyo alikishusha, akafuatisha mistari kwa kidole.

"Kichwa cha nani?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Cha bibi yako."

Akakitazama sana. Kisha akaja kuketi sakafuni, katikati ya magoti yangu.

"Nisuke hivi."

Nikanyoosha mkono kuchukua mafuta. Lakini kwanza nikakisogeza chungu mbali.