Zamu ya Mama Kupanda Boti

Iddi Pili asubuhi nilikuwa kwenye dirisha la tiketi za basi pale Soni, nyuma ya mwanamume mmoja na mama yake mzee. Mama kavaa sweta zito, kakumbatia chupa tupu. Nilipompa shikamoo, akaniambia wanashuka Tanga na wajukuu kupanda boti ya matembezi.

"Wenzangu huenda kila Iddi," akasema. "Mimi hubaki kukamua ng'ombe. Leo jirani kakubali kunikamulia, nami nimemwahidi maji ya bahari ya kuchulia miguu."

Mwanawe alikuwa akiongea na mwenye boti kwa simu. "Mafuta yamepanda, sawa, lakini mara mbili ya mwaka jana?" Akakata simu, akatutazama kama sisi ndio tuliopandisha. "Mama, hela yote hiyo kwa saa moja ya kuzunguka majini? Haifai tena. Tutakwenda mwakani, inshallah."

 Mama alivua sweta taratibu, akalikunja, akalizungushia kwenye chupa.

"Basi nitawahi kukamua," akasema.

Tangu hapo, nikisimulia haya, watu wananiuliza kama kwa bei hizi boti za matembezi bado zina maana. Msiniulize mimi. Waulizeni waliozipanda zilipokuwa rahisi, wao wanajua tofauti. Yule mama hana cha kulinganisha. Miaka boti ilipokuwa rahisi, ng'ombe hakuwa na mtu. Mwaka ng'ombe alipopata mtu, boti imepanda bei.