Maharage Yaliyobaki Kibondo

Nikipita leo kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Kibondo na kusikia harufu ya majani yaliyofyekwa, humkumbuka mkaguzi.

Enzi hizo nilikuwa katekista. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufyeka uwanja na kufukuza mbuzi kila rubani wetu alipotarajiwa. Alikuwa mtu wa kujitolea, mwenye ndege yake ndogo, akibeba wagonjwa bila kutudai kitu. Nasi hatukuweza kumwacha aondoke mikono mitupu. Akishuka kunywa chai, tulimwekea nyuma ya viti asali ya Kasulu, ndizi, maharage. Tuliweka kimya kimya, maana tukimwambia atakataa.

Siku ile mgonjwa alikuwa mke wangu. Mimba ilikuwa ya miezi minane, damu inamtoka, na muuguzi wa zahanati alisema asipofika hospitali kubwa siku hiyo hiyo tutampoteza. Kwa shukrani nikamwekea rubani gunia zima la maharage.

Lakini safari hii rubani alikuwa amekuja na mkaguzi wa serikali, aliyetumwa kuangalia kazi ya marubani binafsi. Akasoma leseni, cheti cha afya, kitabu cha safari. Vyote safi.

"Nyuma kuna mzigo gani?"

"Hakuna kitu," rubani akajibu.

Mkaguzi akafungua mlango wa nyuma. "Na hili gunia?"

Nikasogea mbele. "Ni mimi, bwana mkubwa. Yeye hajui."

"Mzee, unampeleka mama hospitali au gulioni?" mkaguzi akaniuliza.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naiona ndege ikizuiwa.

Hakunikaripia. Alinionyesha miti mwisho wa uwanja. "Uwanja mfupi, jua kali. Kwa uzito huu wangeishia pale."

Tukakimbia kuleta mizani ya kahawa kutoka ghala la ushirika. Vikapimwa mabegi, machela, muuguzi. Mke wangu, amelala kwenye mkeka, akanong'ona, "Mimi msinining'inize. Si kahawa."

Hapo mkaguzi alicheka. "Uzito ulioandikwa kwenye kadi yako ya kliniki unatosha, mama."

Akapiga hesabu. Gunia lilikuwa limeshushwa, na bado uzito ulizidi. Akaingiza mkono ndani ya ndege, akatoa begi lake mwenyewe. "Basi mimi nabaki." Akamwandikia rubani onyo: kabla ya kila safari aangalie nyuma kwa macho yake. Ndege ikaruka, ikaipita miti ikiwa juu sana, nami nikapiga magoti palepale kwenye majani.

Mkaguzi alilala kwetu. Tulimpikia maharage yale kwa ugali wa muhogo, na katika sala ya chakula nilimshukuru Mungu kwa mtu aliyeikataa zawadi yangu.

Asubuhi rubani alirudi kumchukua, akiwa na habari: mama mzima, mtoto wa kike, mzima. Nilikwenda ndani nikachukua chupa ya asali, nikaiinua mkaguzi aione.

"Ya rubani, bwana mkubwa. Nimeipima. Kilo moja."

Akatoa kalamu, akaiandika kwenye karatasi ya mizigo.