Neno la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Habari zilimkuta dobi wa hospitali penye pasi kubwa, mchana wa Alhamisi, mikono yote miwili imeshika shuka la wodi ya wazazi. Aliyepiga simu alikuwa mama muuza mkaa, jirani wa kaka yake.

"Mwanangu, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, mama. Niko kazini."

"Basi kaa. Kaka yako ametutoka."

Hakukaa. Alilikunja lile shuka pembe kwa pembe mpaka likaisha, akaliweka juu ya mengine, ndipo akakaa chini.

Walikuwa wawili tu, tumbo moja, na wazazi walishatangulia. Kaka aliishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Kwa miaka ishirini na sita alisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, akiwinda makosa ya watu kabla hayajachapwa, kalamu nyekundu mfukoni. Hakuoa. Alipanga chumba kimoja chenye kitanda, meza na kiti kimoja. Ukimuuliza kiti cha pili kiko wapi, alijibu, "Mgeni akija, mimi nitakaa kitandani." Wageni wenyewe walikuwa wa kuhesabu.

Dobi alitaka kusomea uuguzi, lakini Kiingereza kilikuwa kimemwangusha mara mbili. Basi kaka akaanza kumfundisha kwa simu. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alituma nomino moja ya Kiingereza, na dada alitakiwa kurudisha kile kijineno kinachoifuata. Ikija *reason*, arudishe *for*. Ikija *interest*, arudishe *in*. Akipata, kaka aliandika "Sawa". Akikosa, "Rudia", na kesho nomino ilikuwa ile ile.

"Nomino haitembei na kila mtu," alimwambia mwanzoni. "Ukitaka kuijua, mjue mwenzake."

Salamu hazikuwemo. Siku moja dada alimwandikia, "Kaka, kwani salamu zinalipiwa kodi?" Jibu likaja: "Rudia."

Jumapili iliyotangulia msiba kaka alipiga simu, jambo la nadra. Dobi alikuwa zamu na mikono ina sabuni, akaiweka simu kwa sauti kubwa juu ya beseni.

"Umeandika *damage of* tena," kaka akasema. "Hiyo *of* yako ni kama chumvi ya mpishi mlevi, unamwaga kila chungu! Ni *to*. Mtihani ni wiki ijayo, mama."

Chumba kizima cha kufulia kikaangua kicheko. "Mama Ofu!" wakamwita. "Mama Ofu, lete ndoo!" Jina likamganda siku hiyo hiyo.

Dobi akanuna. Jumatatu ikaja *key*. Jibu alikuwa nalo, hata kufikiri hakuhitaji, lakini hakujibu. Jumanne ikaja *key*. Jumatano, *key*. Alhamisi asubuhi simu ilikaa kimya, naye akatabasamu peke yake akivaa viatu. "Leo kakoma," alisema. "Mkaidi kapata mkaidi mwenzake."

Alifika kwa kaka Ijumaa. Muuza mkaa alimkalisha kwenye kile kiti kimoja.

"Aliumwa kifua tangu Jumatatu," akamweleza. "Nikamwambia, nimpigie mdogo wako? Akakataa katakata. Akasema una mtihani, usisumbuliwe. Neno likifika utajua yuko mzima."

"Na mimi je, mama? Hakusema kitu juu yangu?"

Muuza mkaa akafuta mikono yake kwenye kitenge. "Jumatano aliniuliza kama mtandao una shida."

Dobi aliinama akaegemeza kichwa mezani. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akaona kwamba aliyepaswa kuombwa msamaha hasa ni kaka. Mungu ni mwingi wa rehema, hilo halina shaka, lakini siku tatu hazirudi.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Walikuja wachapaji saba, muuza mkaa, mwenye nyumba, na madobi wawili waliosafiri usiku kucha. Hakuna aliyemwita Mama Ofu. Mchungaji alisali kwa ufupi, kisha akawaruhusu kuaga. Dobi alikwenda wa mwisho. Kaka alivalishwa shati jeupe, mfuko wake mtupu. Akamwinamia sikioni.

"*Key* ni *to*, kaka," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu. Nisamehe."

Akasimama kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa "Sawa". Kisha akarudi nyuma, wakafunika jeneza, wakalishusha kwa kamba. Dobi alitupa udongo mara tatu. Wachapaji walishika makoleo kwa zamu mpaka kaburi likajaa, mchungaji akatoa baraka, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.