Nilimkosesha Mwenzangu Ufundi

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Asubuhi ile niliamka, nikaona ukungu umeondoka barabarani, nami nikaondoka. Sikuwa na safari. Nilitaka tu kujua barabara ya Same inapita wapi. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la tano: miguu hutangulia, akili hufuata.

Kwetu ni Machame. Miaka hii sabuni hakuna, vipuri hakuna, na vijana tumejaa vijiweni. Serikali ikasema karakana itakayochukua vijana wawili kujifunza kazi itapewa posho yao na mgao wa vyuma. Wawili, si pungufu. Fundi Elisaria wa Kiboriloni, anayetengeneza mashine za kumenyea kahawa, akanichukua mimi na Aminieli, kijana wa Masama anayemtunza mama yake mjane.

Aminieli alikuwa na mkono wa kazi. Mimi nilikuwa na maswali.

"Wewe utauliza hata nati ilizaliwa wapi!" alikuwa akinitania.

Mara ya kwanza nilitoroka kwa kudandia lori la Arusha. Nikarudi kichwa chini, na jani la isale mkononi. Kwetu Wachagga, mtu akikuletea isale kuomba radhi, humkatalii. Fundi akalipokea, akakohoa.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini bwana wa serikali hajui isale. Akija akakuta mmoja, tumekwisha."

Nilisikia. Na bado! Asubuhi ile ya barabara ya Same, nikitoroka mara ya pili, nilijiambia: masale si yamejaa kwenye ua wa nyumbani? Nitachuma jingine. Jamani, msamaha wa watu niliufanya nauli!

Niliporudi baada ya majuma kadhaa, mlango wa karakana ulikuwa umefungwa nusu. Bwana wa serikali alikuwa amekuja, akamkuta Aminieli peke yake. Posho ikakatwa, vyuma vikakatwa. Fundi alilipokea jani langu bila kunitazama.

"Shikamoo, fundi. Aminieli yuko wapi?"

"Nilimrudisha kwao. Ningemlisha nini? Akashuka mjini kutafuta kibarua, wakamkamata kwenye msako wa wazururaji. Wamempeleka kwenye mkonge, Tanga huko."

Mzururaji! Aminieli! Na mimi, mzururaji wa kweli, nimesimama pale mzima!

Nilipanda Masama kwa mama yake. Nilimkuta akikatia ng'ombe majani ya migomba. Naye nilimpa isale, akalipokea kwa mikono miwili. Afadhali angenipiga.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Haya, sasa mwanangu atarudishwa na nani?"

Nikateremka, nikashika njia ya Tanga.

Nimefika jana jioni. Wamenipa kitanda cha kamba katika chumba cha vibarua. Nyapara anasema kijana wa namna hiyo alikuwapo, akaugua, akahamishiwa shamba jingine asilolijua. "Hapa wanapita wengi, bwana mdogo. Lala." Sitegemei tena kumwona. Kesho naanza kukata mkonge, maana kazi nyingine sikuisubiri niijue.

Nyinyi mliopata nafasi ya kujifunza ufundi wakati huu mgumu, msidhani mmepewa peke yenu. Ukitaka kuondoka, mtazame kwanza yule mnayefanya naye kazi. Wewe utakuwa njiani unashangaa milima, na yeye ndiye atakayeulizwa uko wapi.