Nilimnyamazisha Mtahini wa Nje kwa Marahaba

Nimekosa. Naliandika neno hilo kwanza, kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu katika utumishi wangu wote niliwafundisha vijana wa ofisini kwamba barua huanza na jambo lenyewe. Nimekosa, ndugu wasomaji, na aliyelipa kosa langu si mimi.

Nilikuwa ofisa mitihani wa chuo kikuu kimoja kidogo huku milima ya Usambara. Sitakitaja, na majina nitakayoyatumia si ya kweli. Sasa nimestaafu, nalima kabichi na karoti, na majirani zangu hapa Lushoto huniita Mzee Rejista. Huniita hivyo kwa heshima. Laiti wangejua!

Wengi hawamjui mtahini wa nje, hivyo niruhusuni nieleze. Mwalimu akishasahihisha mitihani ya wanafunzi wake, chuo humwalika mwalimu wa chuo kingine, mgeni asiyemjua mtu, aje azipitie karatasi upya. Aliyefaulu kastahili? Aliyeanguka kaonewa? Kisha huandika ripoti, na bila sahihi yake matokeo hayatoki. Thamani yake yote imo katika ugeni wake. Hana shemeji pale, hana wa kumwonea haya.

Mimi nilimvua ugeni huo kwa neno moja.

Mwaka ule alikuja daktari wa falsafa, kijana mdogo kuliko kitindamimba wangu. Nitamwita Dokta Mbwana. Alishuka kwenye gari amejikunyata kwa baridi, lakini aliponiona akaitoa mikono mifukoni, akainama.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu milimani. Huku koti si pambo."

Akacheka. Nikampenda papo hapo. Nilipaswa kumwogopa!

Alikaa siku mbili, akisoma karatasi baada ya karatasi. Kila bahasha aliikuta imefungwa, kila orodha ina mhuri. Karani wangu, Mama Hiza, alimmiminia chai akamwambia, "Dokta, huyu mzee hata chai hii kaiandikia rejista. Ukiongeza sukari, saini."

Lakini kabatini palikuwa na bahasha ambayo haikufika mezani. Mama Hiza aliipa jina: bahasha ya yatima. Humo tuliweka vitabu vya ziada, vile anavyoomba mwanafunzi kitabu chake cha kwanza kikijaa, ambavyo uzi wa kuviunganisha na cha kwanza umekatika na mwenyewe hakuandika namba. Kanuni ilikuwa wazi, na niliiandika mimi kwa mkono wangu: yatima wote waoneshwe mtahini wa nje, miandiko ilinganishwe, kila mmoja arudishwe kwa mzazi wake.

Mwaka ule walikuwa watatu. Miaka iliyotangulia hakuwapo hata mmoja. Niliona aibu, wasomaji wangu. Niliona mgeni ataondoka na kuandika kwamba ofisi yangu imeshindwa hata kufunga uzi!

Siku ya pili mchana, dereva akachungulia mlangoni. "Dokta, ukungu unashuka. Tukichelewa, kona za Soni tutazipapasa."

Dokta Mbwana alikuwa ameshafika mwisho wa ripoti. Kalamu yake ikasimama.

"Samahani, baba. Hapa kuna kipengele cha vitabu vya ziada visivyo na namba. Hakuna bahasha nyingine?"

Mama Hiza alinitazama.

"Mwanangu," nikasema, na neno hilo nikalitia uzito, "kazi hii nimeishika tangu wewe hujaanza darasa la kwanza. Ingekuwapo, ningekuficha?"

Uso wake ukabadilika. Hakuridhika, aliona haya tu. "Nisamehe, baba. Sikuwa na nia mbaya." Akaandika: hakuna. Akatia sahihi.

Heshima si utumwa, tunasema. Siku ile niliifanya kufuli, nikamfungia nje mtu aliyeitwa kuja kufungua.

Gari lilipoondoka, Mama Hiza akaniuliza, "Na yatima, mzee?"

"Tutawashughulikia."

"Lini, na ripoti imeshasema hawapo?"

Nikalifunga kabati kwa ufunguo.

Matokeo yalipotoka, alikuja ofisini binti wa kijiji cha Mnazi, kule bondeni. Nitamwita Hawa. Alikuwa anarudia mwaka, na kwa kanuni ya chuo chetu anayerudia akianguka tena huondolewa moja kwa moja. Wanafunzi husema "amedisko", na wengine husema kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa amepungukiwa alama chache katika somo la uhifadhi wa udongo.

"Shikamoo, baba. Mimi nilijibu maswali manne. Nimehesabiwa matatu."

"Marahaba. Kumbukumbu zinaonesha matatu."

"La nne lilikuwa la kuchora, baba. Nilichora mteremko, matuta, na mishale ya maji yanavyoshuka mpaka kwetu. Ni kwenye kitabu cha ziada. Labda nilisahau namba, lakini mchoro naukumbuka. Pale chini niliweka mnazi mmoja, ili ijulikane ni Mnazi."

Mnazi! Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mawili, na nikajisemea kwamba huyu anayechora minazi kwenye mtihani wa udongo anatania.

Kabati lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Ningegeuka tu! Lakini kugeuka kungekuwa kukiri kwamba ripoti iliyokwishapitishwa na baraza la chuo ina uongo, na uongo huo ni wangu.

"Binti," nikamwambia, "mtahini wa nje amethibitisha. Yule hana undugu na mtu."

"Basi kama hata mgeni ameona, mimi nitasema nini? Asante, baba."

Akatoka. Alinishukuru!

Karatasi zilipotimiza muda wa kuhifadhiwa, ziliteketezwa. Yatima watatu niliwatia motoni kwa mkono huu, nikaandika kwenye rejista: zimeteketezwa kwa mujibu wa utaratibu. Haukupita muda nikaagwa kwa sherehe, nikapewa cheti cha uadilifu. Kipo ukutani. Nimekigeuza.

Mwaka huu nilipanda Magamba kununua miche ya miti. Kwenye kitalu nikamkuta mwanamke amechuchumaa kati ya viriba vya miche, mikono imejaa udongo, akimchorea mkulima mmoja kwa kijiti chini. Mteremko. Matuta. Mishale. Na pale chini, mti.

"Huo ni mnazi au ufagio?" mkulima akamtania.

"Ni kwetu, babu. Ukilima vibaya huku juu, udongo wako tunaupokea sisi."

Alipoinua uso akanitambua. "Shikamoo, baba!" Kwa furaha! Kama binti aliyemwona mzazi. "Nilidhani umenisahau. Mimi wenzangu huwaambia, jamani, sikuonewa. Hata mgeni aliipitia karatasi yangu. Nilianguka kwa haki."

Niliondoka bila kuitikia marahaba, bila mche hata mmoja.

Kesho yake nilikwenda chuoni kukiri. Ofisa aliyenirithi ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinisikiliza, akafungua rejista.

"Mzee, ripoti inasema hakuna. Rejista yako nayo inasema hakuna. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi ni mimi."

"Lakini mzee, si wewe uliyenifundisha? Kisichoandikwa hakikutokea."

Mama Hiza, shahidi pekee, ametangulia mbele ya haki. Nilidai maelezo yangu yaandikwe. Nilipiga meza! Kijana akatabasamu, akaagiza nipewe chai, akanisindikiza mpaka getini akinishika mkono nisijikwae. Aliniheshimu mno, hata hakunisikia. Nikajua ndivyo Dokta Mbwana alivyojisikia siku ile. Nimemwandikia naye. Jibu lake likija, najua litaanza na shikamoo.

Ninyi mnaoalikwa kukagua mitihani ya vyuo vya watu, nawasihi. Amkieni wazee, kunyweni chai yao, kisha ombeni funguo za kabati. Mzee akinuna, mwacheni anune. Kununa kwake kutakwisha; mwaka wa mtoto wa watu haurudi.

Nanyi maofisa wenzangu mnaojivunia rejista safi: rejista yangu ni safi mpaka leo. Haina doa, na ndiyo inayonikana.

Ungamo hili likichapishwa, nitalipeleka Magamba na kumsomea Hawa mwenyewe, neno kwa neno, ajue kwamba maswali aliyajibu manne. Sijui atanifanya nini. Shikamoo yake ninayo bado, sijaiitikia.