Makofi ya Gervasi

Siku ninayoikumbuka mara kwa mara, mwanangu, ni ile tuliyocheza briji na watu wa Kibondo, mimi na marehemu Gervasi, hapa Kasulu. Tangu tumzike sijashika karata. Lakini jana niliwaona nyinyi vijana mmezunguka ule ubao wenu mpya, wa kujenga vijiji na kubadilishana mbao na kondoo, nami nikasogea nione unavyochezwa. Nikaona wawili wakikanyagana miguu chini ya meza kupeana ishara. Ndipo nikaona nikuandikie.

Briji tulifundishwa na Mzee Balthazari, karani mstaafu aliyekimbia kutoka Burundi zamani. Mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako mbele yako. Kabla ya kucheza mnanadi: kila mmoja anataja kwa sauti yeye na mwenzake wataweza kushinda mizunguko mingapi, na kwa turufu ipi. Kwa maneno hayo tu unabashiri mwenzako kashika nini. Ni kama kusikiliza mtu akiongea nyuma ya ukuta. Nililipenda jambo hilo, ila subira sikuwa nayo, na haraka haraka haina baraka.

Tulikuwa tumekulia kwenye karata za kijiweni, ambako kukonyezana ni ufundi na asiyeona konyezo ni ujinga wake mwenyewe. Basi tukatunga konyezo letu. Unajua sisi Waha hatumpiti mtu mzima bila kumwambia mwakeye, salamu yetu, na kumpigia makofi ya adabu. Tukakubaliana: mzee akipita karibu na meza, Gervasi akiwa na kopa nyingi atampigia makofi. Asipokuwa nazo, atajifanya hajamwona.

Siku hiyo washindi wangekwenda Kigoma mjini kushindana na wenyeji wa huko. Sote wawili tulikuwa hatujaliona ziwa. Upande wa pili alikaa Mama Velediana, muuguzi wa Kibondo, na mumewe. Mzee Balthazari akapita, Gervasi akapiga makofi.

"Jamani, hawa watoto wana heshima!" akasema Mama Velediana. "Wangu mimi, hata mwakeye mpaka niwashikie fimbo."

Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Hata hivyo nilinadi kopa, tukashinda.

Wakati wa chai Mzee alituita pembeni.

"Nimepita pale mara tano," alisema. "Mara mbili nimesalimiwa, mara tatu nimekuwa mti. Nyie, salamu yangu mmeifanya karata?"

Tukainama.

"Mimi sitasema. Ila mezani mko wanne, na wawili hawajui wanacheza mchezo gani."

Alipoondoka, Gervasi alininong'oneza, "Nyamaza, bwana. Kigoma hiyo!"

Sikuweza. Nilimwendea Mama Velediana nikamweleza yote, Gervasi nyuma yangu akitazama viatu vyake. Nilingoja matusi. Mama yule akakunja uso, kisha akavuta kiti.

"Hebu niambie. Ile ya mwisho, Gervasi alinadi nini kabla ya makofi?"

"Kopa mbili."

"Halafu?"

"Kopa tatu."

"Sasa ulitaka akwambie nini zaidi? Akuimbie?" Mumewe akacheka hadi chai ikamwagika. "Mwenzako alishasema kwa kinywa chake, mbele yetu sote. Wewe ulikuwa hujamsikia. Ulikuwa unangoja mzee apite."

Nilimgeukia Gervasi. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hadi leo sina jina lake.

Ushindi tukawaachia, Kibondo wakaenda Kigoma. Gervasi hakuniongelesha mpaka mavuno ya maharage, kisha akaja mlangoni na pakiti ya karata, akaketi. Tukacheza miaka yote iliyobaki, nami nikisikiliza kila alichotaja. Akinadi haraka, nilijua ana furaha. Akichelewa, nilijua nyumbani kuna jambo. Mtu ni kisima, mwanangu, huwezi kukimaliza.

Basi nakuusia: cheza michezo yenu mipya, shindana, penda kushinda. Lakini usimwibie aliyekaa nawe meza moja, na ukikosea, sema kabla hujaulizwa. Zaidi ya yote, msikilize mwenzako kwa lile alilolisema wazi, maana wengi tunatafuta siri kwa watu waliokwisha kutuambia.

Mungu akujalie mwenza mkweli, akupe masikio ya kumsikia, na awaweke pamoja miaka mingi.